Nilifuta Sauti ya Mke Wangu, Nikasingizia Umeme

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza kuzunguka nitaghairi. Nilifuta sauti ya mke wangu. Niliifuta kwa mkono wangu huu wa kulia, mchana kweupe, huku nakunywa soda. Halafu nikadanganya watu kwamba ni umeme.

Najua wengine mtacheka. Sauti ya mtu inafutwaje? Nivumilieni kidogo. Nyie ndio watu wa kwanza ninaowapa habari hii nzima nzima, bila kuruka sehemu inayoniaibisha.

Jina langu sitaji. Naishi Mpanda mjini, kata ya Kawajense, na kazi yangu ni kurekodi nyimbo. Nina chumba uani nimekigeuza studio. Ukutani nimebandika trei za mayai, mlangoni nimetundika godoro bovu kuzuia kelele za pikipiki. Kwaya zinakuja, vijana wa bongo fleva wanakuja, vikundi vya ngoma vinatoka hadi Inyonga wakishauza tumbaku. Wananiita prodyuza. Wengine waliniita hivyo hata sokoni, mbele za watu, na mimi nilikuwa napenda mno!

Mke wangu nitamwita Mama Kabula, ingawa binti yetu haitwi Kabula. Ni Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini, wakaweka makazi Kasansa, huko Mpimbwe. Mimi ni mtoto wa mrina asali wa Inyonga. Tulikutana kwenye tamasha la kwaya, mimi nikiwa fundi mitambo. Aliimba mstari mmoja peke yake, nikasahau nilikuwa nimeshika waya gani.

Sauti yake sijui niieleze vipi. Haikuwa nyembamba, haikuwa nene. Alikulia kuita ndama machungani, kwa hiyo ilikuwa inafika mbali bila yeye kujikaza. Alikuwa akiimba anasuuza vyombo uani, jirani wa ng'ambo ya barabara anaitikia. Mimi nilishaizoea. Nilikuwa naisikia kama mtu anavyosikia bomba la maji linatiririka.

Sasa nije kwenye hedifoni.

Nilizinunua kwa jamaa aliyetoka nazo Dar. Nyeusi, kubwa, zinafunika sikio lote. Siku ya kwanza niliweka wimbo wangu wa zamani, wimbo niliokuwa nauonea hata aibu. Jamani! Nilidhani mwimbaji amesimama nyuma yangu. Niligeuka kweli, naapa. Kila pumzi inasikika, kila njuga inang'aa, na sauti ya mwimbaji imekaa katikati ya kichwa changu kabisa. Nilibaki kwenye kiti machozi yananilenga, kwa wimbo ule ule mbovu.

Kuanzia hapo zikawa ndio mtego wangu. Mteja akija na wasiwasi, namvalisha. Hakuna aliyewahi kuzivaa akabaki na uso wake wa kawaida. Mzee mmoja wa kanisa alianza kupaza sauti, "Bwana asifiwe! Bwana asifiwe!" hajui kwamba anapiga kelele na sisi tumemzunguka tunacheka. Mama muuza dagaa alizivua akachungulia ndani yake, anatafuta nani amejificha humo. Habari zikaenea mtaani. Watu wakawa wanakuja tu kuonja, hata wasio na wimbo.

Nikaacha kupiga nyimbo kwenye spika. Mteja anavaa, anashangaa, anakubali, anaondoka na flashi yake.

Na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Hedifoni zile zilikuwa zinasifia kila kitu. Kizuri zinapamba, kibovu zinapamba. Hasa sauti ya mtu, zinaivuta mbele, zinaileta karibu, hata kama ndani ya wimbo imezama. Ukizitegemea hizo peke yake, utashusha sauti ya mwimbaji ukidhani imezidi, utapandisha ngoma na kinanda. Wimbo huo ukija kupigwa kwenye redio ya kawaida, mwimbaji hayupo!

Prodyuza mwenye akili anaupima wimbo kwenye kila kitu, mpaka kwenye simu, mpaka kwenye redio mbovu ya jikoni. Nilijua hayo. Ndiyo yalikuwa masomo yangu ya kwanza kabisa katika kazi hii. Wateja wachache walirudi kulalamika, nikawaambia redio zao ndizo mbovu, na wakanywea wakaondoka. Nani atabishana na prodyuza?

Mama Kabula alikuwa na uvimbe shingoni, ule unaokua polepole mpaka watu wanauzoea. Alikuwa akiufunika kwa mtandio na kutania kwamba kameza andazi zima. Ulipoanza kumbana pumzi tukaenda hospitali kubwa nje ya mkoa. Daktari alituketisha akatueleza vizuri, bila haraka. Upasuaji hauepukiki, na atapona. Ila uvimbe umekaa jirani na mishipa inayoendesha sauti. Sauti inaweza kubadilika. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Akatupangia tarehe, tukaruhusiwa kwenda nyumbani kujiandaa.

Tulipofika Mpanda, tukiwa bado tunashusha mizigo kwenye basi, ndipo akaniuliza.

"Baba Kabula, unaweza kunirekodi?"

"Nikurekodi nini?"

"Ule wimbo wa mama. Wa kumlaza mtoto. Kama sitaweza kuimba tena, Kabula awe nao."

Wimbo wenyewe ni wa Kisukuma. Mama yake aliupata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Katika ukoo wao kila mwanamke anaongeza ubeti wake akipata mtoto wa kwanza. Anamtaja mtoto jina, anawataja waliokuwepo alipozaliwa, anasema mvua ilikuwaje siku ile na ng'ombe walikuwa wapi. Kwa hiyo ukiusikiliza wote unasikia wanawake wa ukoo mzima wamepangana, mmoja nyuma ya mwingine. Mama mkwe wangu alishafariki. Aliyebaki na wimbo wote kichwani ni mke wangu.

Nikasema, "Hilo tu? Kesho tunarekodi."

Alirekodi alasiri, mtoto akiwa kwa jirani. Alivua mtandio, akasimama mbele ya maiki, akafumba macho. Aliimba mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, hakukosea hata sehemu moja. Karibu na mwisho kuna jogoo aliwika nje. Nilitaka kumwambia arudie, nikaona atachoka, nikaacha. Alipomaliza akaniuliza, "Imeingia?" Nikamwonyesha kidole gumba.

Nawaambia ukweli, pale palitosha. Wimbo wa kumlaza mtoto unahitaji nini zaidi ya mama? Lakini mimi ni prodyuza bwana! Nikaweka kinanda. Nikaweka ngoma. Nikaweka mwangwi kama wa kanisa kubwa. Kwenye hedifoni kila nilichoongeza kilipendeza, na yeye alikuwa palepale karibu, kwa hiyo nikamshusha kidogo. Nikaongeza ngoma. Nikamshusha tena kidogo. Nilikuwa nafanya kwa mapenzi, hilo Mungu ni shahidi. Nilitaka kumpa zawadi kubwa kabla hajaenda.

Nikamwita. "Vaa usikie."

Akavaa. Laiti mngeuona uso wake! Akashika ukingo wa meza kama mtu anayepanda mtumbwi. Nikajua nimemaliza kazi.

Akazivua taratibu. "Ni nzuri," akasema. "Nzuri sana. Sasa niwekee kwenye redio ya jikoni."

"Ya nini tena?"

"Nisikie. Kabula hatavaa hayo madude. Atasikilizia jikoni."

"Ile redio spika imepasuka, itaniharibia kazi."

"Iharibu tu, nisikie."

"Mama Kabula, wewe ni mwimbaji. Prodyuza ni mimi."

Nilisema hivyo. Hata sikumtazama, nilikuwa naangalia kompyuta. Akatoka kwenda kukunja nguo za safari ya hospitali. Hakurudia tena. Mke wangu si mtu wa kurudiarudia jambo, na mimi nilikuwa nalichukulia hilo kama kwamba nimeshinda.

Siku chache kabla ya safari wakaja watu wa Inyonga, kikundi kizima cha ngoma, wamepata pesa za tumbaku na wana haraka. Diski yangu ilikuwa imejaa. Nikaanza kupitia vitu vya kufuta. Nikakuta ile sauti tupu ya mke wangu, ile niliyorekodi kabla ya kuweka manjonjo yangu. Nikajisemea, wimbo si umeshakamilika? Hii ya nini tena? Nikanywa funda la soda, nikabonyeza.

Kwa asiyejua kazi yetu, niseme hivi. Ukishachanganya sauti na vyombo ukatoa wimbo mmoja, huwezi kuitoa tena sauti kama ilivyokuwa, ni sawa na kutoa chumvi kwenye mchuzi. Ukitaka kurekebisha, lazima uwe na ile sauti tupu. Mimi niliifuta ili nipate nafasi ya ngoma za watu.

Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe ukatoka, pumzi ikarudi, shukrani kwa Mungu. Sauti haikurudi. Mwanzoni ilikuwa mnong'ono tu. Tukarudi kliniki, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri. Ikaja nyingine, ya kukwaruza, inayokatika katikati ya neno. Akitaka kuniita kutoka jikoni anapiga makofi. Kwaya walimwambia aje tu akae nao hata kama haimbi. Alikwenda Jumapili moja, akarudi, akatundika joho lake msumarini. Hakwenda tena.

Sijui kwa nini alingoja muda wote huo bila kuugusa wimbo. Nadhani alikuwa anaogopa. Siku moja asubuhi, mimi nikiwa studio, nikasikia makofi. Nikaenda. Alikuwa amechomeka flashi ya wimbo niliyompa kwenye ile redio, Kabula amekaa kwenye kigoda mbele yake amenyamaza anasubiri. Redio inapiga ngoma. Du, du, du. Kinanda changu kinalia. Na chini kabisa, nyuma ya vyote, kuna kitu kama mbu.

Mke wangu aliinamisha sikio mpaka likagusa spika. Kisha akanitazama.

"Niko wapi?" akaniuliza kwa ile sauti yake mpya. "Niko wapi humu?"

Ee Mungu wangu! Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile.

Kabula naye akadakia, "Mama, mbona huimbi?"

Nikasema, "Hiyo redio mbovu, si nilikwambia? Nitarekebisha." Nikaenda studio, nikafunga mlango, nikakaa. Nilizivaa hedifoni nikauweka wimbo. Na humo ndani alikuwa anaimba vizuri, karibu kabisa, kana kwamba hakuna kilichoharibika. Nililia kwa hasira. Hasira ya kipumbavu, maana sikujua nimkasirikie nani.

Mtauliza, hakukuwa na rekodi nyingine? Nilitafuta. Za kwaya zipo, lakini humo ni mmoja kati ya wengi, humpati. Katika simu yangu kulikuwa na ujumbe wake wa sauti, wa kuagiza mkaa na nyanya, na mimi nilikuwa na tabia ya kusafisha simu. Wimbo wa mama yake haukuwa popote.

Kila siku alikuwa ananiuliza kwa macho. Na mimi nasema bado, nina kazi za watu, nikipata nafasi. Kisha jioni moja umeme ukakatika mtaani kwetu, ukarudi kwa kishindo, jokofu la jirani likaungua. Nikaona hapo ndipo pa kutokea! Nikaingia ndani nimeshika kichwa. "Mama Kabula, tumekwisha. Diski imeungua. Ile yenye sauti yako."

Nilitegemea atalia au atagomba. Alikuja akakaa karibu yangu, akaniwekea mkono begani.

"Pole, Baba Kabula," akaninong'oneza. "Pole sana. Si kosa lako."

Na mimi nikaipokea ile pole. Nikaegemeza kichwa kwake, mwanaume mzima, nikabembelezwa.

Uongo ungeishia pale labda ningeubeba. Lakini mke wangu akawaambia wanakwaya. Wakaja nyumbani, mwalimu wa kwaya mbele, na kina mama na sufuria ya wali. Wakataka waione diski. Nikawaletea diski moja ya zamani, nzima kabisa, nikaiweka mezani juu ya kitambaa. Wakaizunguka. Wakainyooshea mikono. Wakaiombea!

"Baba, wewe uliyemrudishia Zakaria kinywa chake alipokuwa bubu," mwalimu akaomba, "irudishe na sauti ya dada yetu."

Nilipiga magoti pamoja nao nikasema amina. Jamani, amina! Mke wangu alikuwa amefumba macho kama siku ile mbele ya maiki, midomo inatembea bila kutoa kitu. Nilimwangalia nikasema moyoni, mwambie sasa hivi. Nikasema tena, watu wakiondoka. Watu wakaondoka, tukala wali, nikalala.

Siku zikaenda. Maisha yakarudi kama kawaida, au mimi nilijifanya yamerudi. Yeye akawa mtu wa kimya. Mimi nikawa mtu wa kukaa studio.

Kisha akaja kiongozi wa kile kikundi cha Inyonga. Alikuwa mjini kwa shughuli zake, akapita kusalimia na dumu la asali. Mtu mchangamfu, anacheka kabla hujamaliza kusema. "Prodyuza, hebu nisikilizishe tena ile kazi yetu. Kule nyumbani nawaambia watu kuhusu hayo masikio yako hawaamini!"

Mnajua ugonjwa wangu. Nikichokozwa kuhusu hedifoni zile siwezi kukataa. Nikachomeka diski yangu ya kazi, nikatafuta kazi yao, nikamvalisha. Akapiga yowe la furaha, akaanza kuchezesha mabega. Mke wangu akaingia na chai. Yule bwana kwa uchangamfu wake akazivua akamvalisha mke wangu mwenyewe kabla sijasema neno.

"Shemeji, sikia! Hii tulirekodi wiki ile mnajiandaa kwenda hospitali, unakumbuka? Mlitupikia ugali na kisamvu!"

Mke wangu alisimama na sinia mkononi, hedifoni kichwani. Alisikiliza. Kila aliyezivaa niliwahi kuuona uso wake ukibadilika. Wake pia ulibadilika, ila si kwa namna ile.

Aliweka sinia chini. Akazivua, akaziweka mezani kwa uangalifu, kama anavyoweka yai. Akasubiri mgeni anywe chai, amalize hadithi zake, aage, asindikizwe mpaka barabarani. Heshima yote ilitimizwa. Tulipobaki wawili akauliza.

"Hizi ngoma zilikuwa kwenye diski gani?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Sisi tulirekodi kabla yao, na diski yako ya kazi ni moja. Zao zimepona, yangu imeungua?"

Nikamwambia. Nilijikanyagakanyaga, lakini nikamwambia. Kwamba diski ilijaa. Kwamba nilidhani wimbo umekamilika. Kwamba niliogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kwa nini niliifuta. Hakuliuliza.

Alisema tu, "Na mimi nikakupa pole."

Basi. Hayo ndiyo aliyosema. Kesho yake akafunga nguo zake na za mtoto, akapanda gari la Kasansa.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nilikuwa nakaa jikoni kusubiri makofi. Mtaani wakaniuliza Mama Kabula yuko wapi, nikasema amekwenda kumwona baba yake, na huo nao ulikuwa uongo wa nusu. Wanakwaya waliacha kuja. Sidhani kama waliambiwa kitu. Mke wangu si mtu wa kutangaza. Labda waliona tu kwamba kila wakinisalimia naangalia pembeni.

Nikajikaza nikaenda Kasansa kumfuata. Mkwe wangu alinipokea kwa adabu zote. "Mwadila, mkwe," akanisalimia, akanipa kiti, nikaletewa maziwa. Kisha wakaketi, yeye na mdogo wake na jirani zao, wakanihoji kama ilivyo desturi mwanaume akimfuata mke kwao. Mke wangu alikuwa kando kwenye mkeka na shangazi yake, anachambua karanga.

"Ulimpiga?" akauliza baba mdogo.

"Hapana, baba."

"Umeoa mwingine?"

"Hapana."

"Unakunywa? Humpi chakula?"

"Hapana, baba."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Nilifuta wimbo wake aliorekodi. Halafu nikadanganya kwamba umeungua na umeme."

Wakatazamana. Baba mdogo akaangua kicheko, akajipiga paja. "Wimbo! Binti, umemkimbia mumeo kwa sababu ya wimbo? Si mrekodi mwingine!" Jirani naye akacheka. Nilihisi mzigo unashuka, nisiwafiche. Nikaona kumbe jambo hili ni dogo, nitarudi na mke wangu leo hii.

Mkwe wangu ndiye hakucheka. "Wimbo gani?" akauliza.

Mke wangu hakuinua macho. "Ule wa mama," akasema.

Mzee akatazama mikono yake. Kisha akachukua fimbo yake, akainuka, akatembea kuelekea zizini, na ng'ombe mchana ule hawakuwemo zizini. Hakurudi mpaka naondoka. Baba mdogo akakohoa, akasema maneno mengi ya suluhu, kwamba mwanamke apewe muda, kwamba mimi ni kijana mzuri. Mke wangu aliendelea na karanga.

Wakaniruhusu nikapumzike kabla ya kuondoka. Nikajilaza chini ya kivuli cha ghala la mahindi, usingizi hauji. Kukiwa kimya hivyo nikasikia kitu nyuma ya nyumba.

Alikuwa anaimba.

Sauti ile ile ya kukwaruza, inakatika, inaanza tena, inaruka pale isipofika. Lakini ni wimbo wenyewe. Nilimsikia akimtaja bibi, na mama wa bibi. Nilimsikia anamtaja Kabula na mvua yake. Sikuwahi kumsikia akiimba tangu hospitali, na nilidhani haimbi tena kabisa. Kumbe anaimba! Huko kwao kila mchana anamlaza mtoto kwa wimbo ule, sauti ikiwa vilevile ilivyo.

Nikainuka nikasogea mpaka kwenye kona ya nyumba. Amekaa ameegemea ukuta, mtoto kichwa chake mapajani. Nilikuwa nataka kusema, Mama Kabula, ni nzuri hivyo hivyo, nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kurekodi.

Akainua macho, akaniona. Akanyamaza.

"Mama, endelea," Kabula akasema kwa sauti ya usingizi.

Hakuendelea. Alinitazama tu. Hakuwa na hasira, na ingekuwa hasira ningeshukuru. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri mgeni apite ndipo aendelee na mambo ya nyumbani kwake.

Nikarudi nyuma. Nikachukua mkoba wangu, nikamuaga baba mdogo, nikaenda mpaka barabarani kutafuta bodaboda. Nilipokuwa natoka tu uani, asiponiona tena, ndipo nikamsikia akianza tena kuimba.

Ndivyo ilivyo mpaka leo ninapoandika. Simu zangu anapokea, ananiambia mtoto anaendeleaje, anakata. Hakuna talaka, hakuna ugomvi. Nikienda Kasansa napewa kiti na maziwa. Ila nikifika, wimbo unakoma.

Enyi wenzangu mnaorekodi, msilogwe na kifaa kinachowafanya watu washangae mara ya kwanza. Mwimbaji akikuomba umwekee kwenye redio mbovu, mwekee. Usimfute mtu kwa sababu umedhani umeshammaliza. Na nyie wengine ambao hamjawahi hata kushika maiki, mtu wako wa ndani akikuuliza "niko wapi humu," msimjibu kwamba redio ndiyo mbovu.

Na kama tayari umeharibu, sema siku hiyo hiyo. Sema kabla watu hawajaanza kukuonea huruma. Nawaomba kwa hili mnisikie, maana nimejaribu kila njia. Nimemwomba radhi kwa kufuta, amenijibu, "Hilo lilishapita." Imebaki ile pole tu aliyonipa mkono wake ukiwa begani mwangu. Niliipokea nikijua si yangu, na sasa sijui nimrudishie vipi.